Nilichoka Kuvumilia

Juni 2024 nilikuwa nashona gauni la komunyo ya kwanza la binti wa jirani. Satini nyeupe, kola ya duara. Mkasi ulikuwa umeangukia nyuma ya cherehani, nami nikafanya kile ambacho kila fundi wa nguo huwakataza wanafunzi wake na yeye mwenyewe hukifanya: nikakata uzi kwa meno. Jino la mbele la chini likacheza. Halikuuma, lilicheza tu, kama kigingi kilichopigwa kwenye tope. Nilipoutazama uzi, ncha yake ilikuwa nyekundu, na tone moja lilikuwa limeshadondokea kwenye kola.

Nikaifua kola kwa maji baridi na chumvi mpaka doa likatoka, nikaianika, nikaipiga pasi. Mama wa mtoto alikuja jioni, akasifu kazi, akalipa, hakujua kitu. Lakini usiku ule ulimi wangu haukulala. Ulilisukuma lile jino mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama wa mtoto anayesubiri jino la utoto lidondoke. Mimi nilikuwa na miaka 43.

Damu yenyewe haikuwa ngeni. Kwa miaka kama kumi nilikuwa natema mate mekundu kila asubuhi, nikijifunza kumwaga maji haraka kabla watoto hawajaona. Niliambiwa mengi. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alisema ni joto la mwili. Mama mmoja wa soko la Virunga alinipa karafuu nitafune, na kweli zilinituliza, kwa kuwa karafuu ina mafuta yanayotia ganzi kidogo. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilisugua unga wa makaa. Na kosa langu kubwa kuliko yote: palipotoka damu, nilikwepesha mswaki, eti nauhurumia ufizi. Kumbe huruma hiyo ndiyo iliyokuwa inaulisha ugonjwa.

Kwa dantisti, yaani daktari wa meno, sikwenda, na sababu yake ina umri mrefu kuliko ndoa yangu.

Mwaka 1992, nchi bado ikiitwa Zaire, nilikuwa na miaka 11 na gego lililooza. Mahali nilipopelekwa sipataji. Wengi wa waliokuwepo wameshatangulia mbele ya haki. Tuliambiwa dawa ya ganzi imekwisha. Watu wawili wakanishika mabega, wa tatu akanishika magoti. Baba alikuwa amesimama mlangoni, akageukia nje. Aliyeshika koleo akaniambia neno moja tu: “Vumilia.” Jino lilivunjika, likatoka vipande vitatu. Hadi leo nikisikia chuma kikigonga bakuli la chuma, vidole vya miguu hujikunja ndani ya viatu.

Neno hilo ndilo lililonilea, na ndilo linalotulea sote hapa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulirudi mawe yangali na joto chini ya viatu, tukajenga juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena usiku. Siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, nikatembea na watoto mpaka Sake bila kubeba hata mswaki. Januari 2025 vita viliingia mjini. Maji na umeme vikakatika, tukashuka ziwani na bidoni za njano huku risasi zikilia. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Kila tukiulizwa habari, jibu letu ni lile lile: “Tumezoea.” Tunalisema kwa kujivuna kidogo. Sasa mtu aliyezoea hayo yote ataanzia wapi kulalamika kwamba ufizi unamtoa damu?

Lakini jino halijui historia ya mji. Kufikia Machi 2025 nilikuwa natafuna upande mmoja tu. Sambaza wa kukaanga, samaki wadogo niliowapenda tangu utoto, nikawa nawapa watoto na kusema nimeshiba. Kinywa changu kilikuwa na harufu ambayo mume wangu aliichukulia kwa heshima: alikuwa anageukia ukutani mapema, akisingizia uchovu. Hilo liliniuma kuliko ufizi.

Aliyenishika mkono ni binti wa yaya wangu, anayesomea uuguzi. “Mama mdogo,” akaniambia, “hilo jino bado linaweza kuokoka. Ukiendelea kungoja utalikuta kwenye sahani.”

Kabine ya meno aliyonipeleka iko mtaa wa Katindo: chumba kimoja, kiti, taa, ndoo yenye bomba, betri za sola pembeni. Dantisti ni mwanamke wa umri wa kifungua mimba wangu. Kabla hajaniambia fungua kinywa, aliuliza: “Mama, mara ya mwisho kukaa kwenye kiti kama hiki ilikuwa lini?” Nikamweleza yote, mpaka ya baba kugeukia nje. Hakucheka, wala hakuniambia nisiwe mwoga. Alichukua taulo akafunika vyuma vyake. Kisha akasema: “Leo sisafishi, napima tu. Ukiinua mkono wa kushoto, naacha. Sikuulizi kwa nini.”

Alipima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akikiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, akitaja namba na msaidizi wake akiandika. Tatu. Mbili. Tatu. Tano. Sita. Alinieleza kwamba ufizi mzima huacha mwanya wa milimita moja hadi tatu. Kuanzia nne ni mfuko ambamo mswaki haufiki, na ndani ya mfuko huo vijidudu huzua uvimbe unaokula polepole mfupa unaoshika jino. Alipofika kwenye jino langu linalocheza alinyamaza kidogo, akapima tena. Saba.

Nikachukua nafasi hiyo kumwuliza kuhusu ile michirizi ya kahawia kwenye meno yangu ya mbele. Je, usafishaji utaiondoa? Akatikisa kichwa. “Hiyo si uchafu, mama. Ulizaliwa wapi?” Nikamtajia kijiji chini ya mlima, ambako tulikunywa maji ya mvua yaliyotoka juu ya bati. Akanieleza kwamba moshi na mawe ya volkano huyatia maji ya kwetu madini ya floridi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajijenga ndani ya taya, huota meno yenye madoa. Wengi wa huku tunayo. Fikiria: miaka yote nilifunika mdomo kwa kiganja nikicheka, nikiona haya kwa kitu ambacho si uchafu, na uchafu wenyewe ulikuwa umejificha chini ya ufizi, nisikouona.

Uchafu huo unaitwa ugaga. Huanza kama utando laini unaotoka kwa mswaki. Ukiachwa siku kadhaa, madini ya mate huugandisha. Sisi wa Goma hatuhitaji somo refu hapo: tumeona kitu kinachotiririka kikipoa na kuwa jiwe, na tunajua jiwe haliondoki kwa ufagio. Ugaga ulioshuka chini ya ufizi hautoki kwa chumvi wala makaa. Lazima uparuliwe kwa chuma, mpaka kwenye mzizi wa jino. Hiyo ndiyo detartraji ya ndani, na hapo ndipo hofu yangu ya 1992 ilipoamka yote kwa mpigo.

“Tutafanya robo ya kinywa kila mara,” akasema. “Mara nne. Na hatutaanza kabla ufizi haujalala.”

Siku ya kwanza alinionyesha kibomba kidogo chenye ncha butu. “Hii si sindano, haichomi popote. Ni jeli ya ganzi, ina lidokaini na prilokaini.” Alinieleza jambo ambalo fundi kama mimi lazima alipende, maana ni ufundi: ndani ya bomba dawa ni majimaji, hivyo hupenya mahali pembamba, ikikutana na joto la kinywa inaganda ikawa jeli, ikakaa pale pale ilipowekwa. Kwanza aliipitisha ukingoni mwa ufizi, akangoja nusu dakika. Kisha akaishusha ndani ya mifuko mpaka ikajaa, akaniambia nihesabu moja hadi thelathini kimoyomoyo.

Nilihesabu. Kwenye nane nikaonja uchungu, kama kwinini. Kwenye kumi na tano moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni. Kwenye ishirini na tano nikatafuta ufizi wangu kwa ulimi, nikaona haupo. Mdomo ulikuwepo, shavu lilikuwepo, ulimi wenyewe ulikuwepo. Ufizi tu ndio ulikuwa umeondoka.

Akaanza. Krr. Krr. Sauti hiyo naijua: ndiyo ya akina mama wanaokaa kando ya barabara kuponda mawe ya volkano wapate kokoto za kuuza. Nilihisi msukumo, nilihisi maji, nilihisi punje kama mchanga zikianguka kwenye ulimi. Maumivu niliyoyangoja kwa miaka 33 hayakuja. Machozi ndiyo yaliyokuja. Mkono wake ukasimama hapo hapo.

“Inauma, mama?”

“Hapana,” nikasema. “Haiumi hata kidogo.”

Akanipa kitambaa, akangoja.

Baadaye nilimwuliza dawa hii ni ya lini, nikidhani ni uvumbuzi wa juzi. Akaniambia lidokaini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Nikahesabu kwa vidole. Siku ile niliposhikwa mabega na magoti, dawa ilikuwa imeshatimiza miaka 49 duniani. Haikuwa kwamba maumivu yale hayakuwa na dawa. Dawa ilikuwepo duniani. Ilikuwa haijafika kwenye kiti changu, na mahali pake likawekwa neno “vumilia”.

Nisiipambe jeli kupita kiasi. Nguvu yake hudumu kama dakika 20. Dakika ya kumi na nane hivi ya siku ile ya kwanza nilianza kuhisi kitu kama sindano ya cherehani inayotafuta kidole. Niliinua mkono wa kushoto, nusu nikiamini, nusu nikitarajia kuambiwa “kidogo tu, tunamaliza”. Chuma kikatoka kinywani mwangu wakati huo huo. Akaongeza jeli, tukahesabu upya. Nakwambia kweli, kusimama kwake kulinitibu kuliko dawa. Tangu utotoni nilikuwa sijawahi kumwona mtu mwenye chuma mkononi akitii mkono wangu.

Safari ya pili umeme ulikatika katikati ya kazi. Mashine yake inayotetemesha ugaga ikanyamaza. Akavaa taa ya kichwani, akachukua vyuma vya mkono, akaendelea taratibu kama fundi anayefumua mshono bila kuchana kitambaa. Jeli haihitaji umeme.

Safari ya tatu ilikuwa zamu ya lile jino la milimita saba. Hapo jeli haikutosha. Ufizi ulikuwa umevimba sana, mfuko ulikuwa mrefu, na mguso wa kwanza tu mkono wangu ulipanda wenyewe. Dantisti hakunidanganya. “Hapa, mama, jeli pekee haiwezi. Panahitaji sindano.” Nilitaka kushuka kwenye kiti. Akapaka jeli ya ganzi pale ambapo sindano ingepita, akangoja dakika kadhaa, akasukuma dawa polepole. Nilichohisi ni kama kuumwa na mbu aliyechoka. Hivyo hata sindano niliyoiogopa kuliko yote, niliivuka kwa daraja la jeli.

Safari ya nne ilipita nikiwa nawaza bei ya vikwembe, yaani vitenge.

Baada ya kila safari niliambiwa nisile wala kunywa cha moto mpaka ganzi iishe, kwa sababu mtu aliyekufa ganzi anaweza kujing'ata au kujiunguza asijue. Usiku ufizi ulipwita, parasetamoli ikatosha. Wiki mbili za kwanza maji baridi yaliniingia mpaka kwenye sikio, kwa kuwa mizizi iliyokuwa imevikwa ugaga sasa ilikuwa wazi. Kati ya meno ya chini kukaonekana nafasi. Jirani aliponiona akapiga yowe: “Si nilikwambia! Wamekulegeza meno!” Maneno hayo huwafukuza wengi. Ukweli ni kwamba nafasi ile ilikuwepo siku zote. Ugaga ulikuwa umeiziba, na ufizi uliovimba ulikuwa umeifunika. Uvimbe uliposhuka, nafasi ikaonekana.

Ushuhuda wa kweli hautaji ushindi peke yake. Gego moja la juu halikuokoka. Nilikuwa nimechelewa mno. Liling'olewa kwa sindano ya ganzi, mpwa wangu amenishika mkono mmoja tu, tena kwa kupenda, na nilipoambiwa limetoka sikuamini mpaka nikaonyeshwa. Lakini miezi miwili baadaye, kijiti cha milimita kilipopita tena, saba ilikuwa imekuwa nne. Sita zilikuwa zimekuwa tatu. Jino langu la mbele bado linacheza kidogo, ila limekataa kutoka. Mate yangu ya asubuhi ni meupe. Mume wangu ameacha kulala akitazama ukuta. Na mkasi nimeufunga kwa kamba kwenye mguu wa cherehani.

Nimeambiwa niliyopitia si ya peke yangu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawasumbua watu kama bilioni moja. Na katika kanda ya Afrika, ukigawanya madaktari wa meno kwa idadi ya watu, hapatikani hata mmoja kwa kila watu 10,000. Kwa hiyo ukibahatika kumfikia mmoja, usiipoteze nafasi hiyo kwa kukaa kimya kama nilivyofanya.

Niliyojifunza nayasema kama yalivyo. Ufizi unaotoa damu kila siku si joto la mwili, ni ugonjwa. Palipo na damu ndipo mswaki unapohitajika zaidi, kwa mkono mwepesi. Ukifika kwenye kiti, sema kwanza kama unaogopa, kisha uliza ganzi iliyopo ni ya namna gani. Jeli inafaa kwa mifuko isiyo mirefu mno, na kwa watu wanaoogopa sindano. Haifanyi kazi ya sindano kila mahali. Sema kama una mimba, kama dawa yoyote ya ganzi iliwahi kukudhuru, na kama uliwahi kuambiwa usipewe primakwini wakati wa malaria, kwa sababu mwili wa namna hiyo unaweza kudhuriwa pia na prilokaini. Jeli za ganzi zina kiwango. Ukinunua kibomba ukapaka mchana kutwa, unaacha ugaga uendelee huku ukinyamazisha kengele. Na mama mwenye mtoto anayeota meno asimpake mtoto wa chini ya miaka miwili jeli yenye benzokaini: inaweza kuizuia damu kubeba hewa. Mtu aliyepakwa jeli ya ganzi akigeuka rangi midomo ikawa ya bluu au kijivu, akahema kwa shida, apelekwe hospitali pale pale.

Kanisani kwetu Jumapili watu husimama kushuhudia makubwa: kijana aliyerudi kutoka msituni, risasi iliyopita dirishani ikakosa kitanda cha mtoto. Nilipopewa nafasi nikasimama nikasema namshukuru Mungu kwa ajili ya ufizi wangu. Watu walicheka, nami nikacheka nao, kiganja changu kikiwa chini, meno yangu ya kahawia yakiwa nje. Baada ya ibada nilikuta akina mama watatu na mzee mmoja wamenisubiri chini ya mti, kila mmoja kivyake, kila mmoja ameziba mdomo. Wote waliniuliza swali moja: “Kweli haikuuma?”

Niliwajibu, nawe msomaji nakujibu hivyo hivyo. Iliuma mahali pawili, nikainua mkono, ikaacha. Yako maumivu ambayo hatuna la kuyafanya ila kuyavumilia, na mji huu unayajua. Ya ufizi si miongoni mwayo. Ukikaa kwenye kiti ukaambiwa “vumilia”, uliza kwanza kama ganzi ipo.